Kiti cha Mazungumzo Hakinadiwi

Mwalimu mkuu anapostaafu katika nchi yetu huandikwa hati ya makabidhiano. Ndani yake huorodheshwa madawati, vitabu, majembe ya bustani, funguo za stoo na hata sufuria za jikoni. Anayetoka hutia saini, anayeingia hutia saini, na nakala hupelekwa ofisi ya elimu. Nimetia saini hati za namna hiyo mara kadhaa, za kupokea na za kutoa, na sikupata kuona ajabu ndani yake. Ajabu nimeiona kwingine. Mtangazaji aliyezungumza na wananchi kila usiku kwa miaka 20 au 30 anapostaafu, hukabidhi nini, na humkabidhi nani? Mara nyingi hurudisha kitambulisho cha mlangoni, hupewa zawadi, hupigwa picha na mkurugenzi, na mambo yakaishia hapo. Jumatatu inayofuata sauti nyingine inatoka katika redio ile ile, saa ile ile, kwa jina lile lile la kipindi, na sisi wasikilizaji tunatakiwa tushangilie.

Mimi sishangilii. Nadai kwamba wenye stesheni zetu, za umma na za watu binafsi, huchagua warithi wa vipindi vya mazungumzo kama madalali wanaonadi mali ya mufilisi: apatae ni mwenye sauti kubwa kuliko wenzake mnadani. Nadai pia kwamba hasara yake haimpati mwenye stesheni. Inampata mnyonge ambaye hana pengine pa kusema.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kusoma taarifa ya habari ni kazi kubwa, lakini habari yaweza kusomwa na huyu leo na yule kesho, na msikilizaji asipungukiwe na kitu. Kipindi cha mazungumzo cha usiku ni jambo jingine. Saa hiyo maduka ya barabara zetu hizi za Ngamiani, ambazo tunazitaja kwa namba, yamekwisha fungwa. Sala ya isha imekwisha saliwa. Watoto wamelala, na mtu amebaki na nafsi yake. Akifungua redio hatafuti amri wala tangazo. Anatafuta mtu wa kuzungumza naye.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari hii, kwa kuwa sisi tuna baraza. Aliyekaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, anajua kwamba kila baraza lina mtu wake. Si lazima awe tajiri wa mtaa, wala si yule asemaye mno. Ni yule ambaye mazungumzo yakilemea upande mmoja huyarudisha katikati, ambaye mnyamavu akikohoa tu humgeukia na kumwuliza, "Na wewe mwenzetu, wasemaje?" Akifariki mtu huyo, haletwi mgeni kutoka mji mwingine kwa sababu ana kanzu nzuri. Mahali pake hushikwa na yule aliyekaa ubavuni pake miaka mingi, akamimina kahawa na kusikiliza. Baraza likikosa mtu wa namna hiyo hufa, hata kama kibaraza chenyewe cha saruji kingalipo.

Katika Afrika ya Mashariki, mfano mkubwa wa kiti cha namna hii redioni ni ule wa marehemu Leonard Mambo Mbotela wa Kenya. Aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" Sisi wa Tanga, tulio jirani na mpaka, hatukuhitaji pasi ya kusafiria ili kumsikia. Alichukua tabia za kila siku, zile ambazo watu huzitenda bila kufikiri, akazieleza kwa upole na kichekesho, kisha akamwachia msikilizaji swali lile lile lililomo katika jina la kipindi. Aliendelea kuliuliza kwa zaidi ya miaka 50. Agosti 1, 1982, askari walioasi walimchukua kwa nguvu ili atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Bila shaka walijua ni sauti ipi ambayo Wakenya wangeitambua. Alifariki Februari 7, 2025, akiwa na umri wa miaka 84.

Tazama jambo moja ambalo wengi hawalitazami. Zamani neno muungwana lilitumika kumtenga mtu aliyezaliwa huru na mtumwa. Mbotela alitoka katika ukoo wa watumwa walioachwa huru, watu wa Freretown, Mombasa. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Basi mjukuu wa watumwa akakalia kiti, akawauliza watu wote, wakubwa kwa wadogo, matajiri kwa maskini, kama matendo yao ni ya kiungwana. Hakupewa kiti hicho na nasaba wala na mali. Alikipata kwa kazi, na kwa kazi hiyo akaligeuza neno lenyewe: ungwana ukawa kitu anachokitenda mtu badala ya kitu anachozaliwa nacho.

Sasa nauliza: katika kazi ile, kipi kilikuwa mali ya Mbotela, na kipi kilikuwa mali ya umma? Sauti ilikuwa yake, ameondoka nayo. Kicheko kilikuwa chake, nacho kimeondoka. Lakini swali lile ni letu sote, na laweza kuulizwa na mtu mwingine, kwa sauti nyingine kabisa, maadamu ameandaliwa kuliuliza. Sauti hairithiwi, swali hurithiwa. Mkurugenzi asiyeweza kutenganisha viwili hivi hafai kumchagulia mtu mrithi.

Kwa kutoweza kutenganisha huko, wakubwa wa stesheni huangukia katika moja ya njia tatu, na zote tatu ni mbovu.

Njia ya kwanza ni umaarufu. Siku hizi hesabu huanzia kwenye simu ya mkononi: huyu ana wafuasi wangapi? Mwenye wengi ndiye apewaye kipindi, kana kwamba watu wanaomtazama mtu akiruka na kucheka kwa dakika moja ndio watakaomsikiliza akimhoji daktari kwa saa nzima. Ipo stesheni moja, ambayo jina lake nalihifadhi, ambako mtangazaji wa mazungumzo ya usiku alistaafu na mahali pake akawekwa kijana aliyevuma kwa vichekesho. Usiku mmoja nilimsikia mzee akipiga simu. Alijieleza kuwa alifanya kazi katika shamba la mkonge tangu ujana wake, na lafudhi yake ilikuwa ya mtu wa bara, mmoja wa wale tuliokuwa tukiwaita manamba. Alitaka kuuliza habari za mafao yake. Mtangazaji aliiga lafudhi ya mzee yule, akacheka, wenziwe studioni wakacheka, kisha akapiga muziki. Mzee hakutukana. Alisema tu, "Haya baba, asante," na simu ikakatika. Yule aliyestaafu angemwuliza ni shamba gani, ni mwaka gani, na ni nani aliyemwambia kwamba hana haki. Huenda asubuhi yake ofisa mmoja mahali fulani angefungua jalada. Hiyo ndiyo hasara ninayoisema. Stesheni haikupoteza tangazo hata moja kwa usiku ule, na mzee wa mkonge hakusikika tena.

Nisieleweke vibaya. Ucheshi si dhambi, na Mbotela mwenyewe alikuwa mcheshi. Lakini kuna mcheshi anayemchekesha mnyonge na kuna mcheshi anayemcheka mnyonge, na kati ya hao wawili pana umbali kama wa Tanga na Kigoma.

Njia ya pili ni kutafuta pacha. Mkurugenzi humtaka mtu mwenye sauti kama ya yule aliyeondoka, mwenye misemo yake, hata mguno wake. Juu ya jambo hili nina ushahidi wa kazi yangu. Katika chuo cha ualimu, kila mwaka tuliwapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, nami nilikuwa nikikaa kiti cha nyuma darasani na daftari langu. Mwanachuo aliyemwiga mkufunzi wake alijulikana katika dakika tano za mwanzo. Aliandika ubaoni kama mkufunzi, alitembea kama mkufunzi, na mtoto alipouliza swali ambalo mkufunzi hakupata kuulizwa, alisimama kama nguzo ya simu. Aliyeiga hana chake cha kutoa siku mambo yanapogeuka, na mambo hugeuka kila siku.

Njia ya tatu huvaa nguo za heshima. Wasema: "Fulani hana mfano, basi tukizike kipindi pamoja naye." Maneno hayo hupendeza katika hafla ya kuagana, lakini mimi nayaita uvivu. Shule haifungwi kwa sababu mwalimu mkuu hodari amestaafu. Msikiti hauvunjwi kwa sababu imamu aliyependwa amefariki. Tukisema kwamba mtu hana mrithi, maana yake ni kwamba tulikuwa naye miaka 30 na hatukumpa mwanafunzi. Aibu hiyo ni yetu, na kuizika pamoja naye hakuifuti.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mawazo ya mzee wa Ngamiani, na kwamba wenzetu walioendelea wanajua namna ya kufanya. Basi tuwatazame hao wenzetu. Nchini Marekani, Johnny Carson aliendesha kipindi cha The Tonight Show kwa miaka 30, kuanzia Oktoba 1962 mpaka Mei 1992, wakati watu wa New York wakijiandaa kulala, kuanzia kama saa 5:30 usiku kwa hesabu yetu. Alipoondoka palikuwa na watu wawili mlangoni: David Letterman, ambaye tangu mwaka 1982 alikuwa na kipindi kilichofuata mara baada ya kile cha Carson, na Jay Leno, aliyekuwa akimshikia Carson kiti siku ambazo hayupo. Leno akapewa, na mwaka 1993 Letterman akahamia kituo cha CBS kushindana naye. Hapo walau wote wawili walikuwa watu wa kazi hiyo, wamekaa karibu na jiko na wameungua vidole.

Kichekesho kilikuja baadaye. Mwaka 2004 stesheni ilitangaza kwamba Leno atampisha Conan O'Brien mwaka 2009. Miaka mitano ya matayarisho! Ungesema wamejifunza. O'Brien akakalia kiti Juni 1, 2009. Lakini badala ya kumwacha Leno aende zake, wakampa kipindi kingine cha mapema zaidi usiku ule ule, katika stesheni ile ile. Watazamaji walipopungua, Januari 2010 wakataka kumrudisha mzee saa yake ya zamani na kumsukuma kijana mbele mpaka usiku wa manane. O'Brien akakataa, akaondoka baada ya miezi saba tu, na Machi 1, 2010 Leno akarudi kitini. Mfano huo ungefaa kusomwa na kila mstaafu wa nchi hii. Mwalimu mkuu aliyestaafu akibaki anakaa chini ya mwembe wa shule, walimu wakienda kumwuliza yeye kwanza, mwalimu mkuu mpya ameshindwa kabla hajaanza. Carson alijua adabu hiyo. Baada ya 1992 hakurudi kuendesha kipindi tena; inajulikana kwamba alikuwa akimtumia Letterman vichekesho kimyakimya, hadi alipofariki Januari 2005. Aliyekuwa mfalme akawa mtu wa kuchangia kuni bila kutaja jina lake. Huo nao ni ungwana.

Mfano mwingine una mwana wa Afrika ndani yake. Mwaka 2015 Trevor Noah wa Afrika Kusini alimrithi Jon Stewart katika kipindi cha The Daily Show. Wamarekani wengi waliuliza huyu ni nani. Hakumwiga Stewart, alizungumza kama mtu wa Soweto aliyeitazama Marekani kutoka nje, na akadumu miaka saba. Alipoondoka Desemba 2022, wakubwa wa kituo walishindwa kuamua. Mwaka 2023 wakaweka wageni wa kupokezana kiti, leo huyu, wiki ijayo yule, kama daladala isiyo na dereva wake. Mwisho, Februari 2024, wakamrudisha Stewart mwenyewe kwa siku moja ya juma. Fedha wanazo, wataalamu wanao, lakini asiyelima msimu wa mvua hununua mahindi kwa jirani.

Kwa wale wanaodhani kwamba haiwezekani, ipo nchi ndogo ya Ireland. Kipindi chao cha The Late Late Show kilianza mwaka 1962, na Gay Byrne akawa ndiye mtu wake mpaka 1999. Akafuata Pat Kenny, mwandishi wa habari, hadi 2009; kisha Ryan Tubridy hadi 2023; kisha Patrick Kielty, mcheshi kutoka Ireland ya Kaskazini. Hakuna aliyekuwa pacha wa mwenzake. Kilichobaki ni baraza lenyewe: usiku ule wa juma ambao taifa zima lajua kwamba litazungumzwa jambo. Byrne aliacha kiti na kiti hakikuvunjika.

Najua pingamizi iliyobaki. Wataniambia zama zimebadilika; vijana hawasikilizi redio, na hata huko Marekani, Julai 2025, CBS ilitangaza kwamba kipindi cha The Late Show, ambacho Stephen Colbert alikirithi kwa Letterman mwaka 2015, kitafungwa Mei 2026 pasipo kuwekwa mtu mwingine. Kweli walitangaza hivyo, nao walisema sababu ni hesabu za fedha. Lakini wajukuu zangu, ambao hawajui kuzungusha kitufe cha redio, huvaa visikilizio masikioni na kusikiliza watu wawili wakizungumza kwa saa mbili bila muziki wala picha. Hawakuchoka mazungumzo. Wamechoka makelele. Aliyewakimbiza kwenye redio ni huyo huyo aliyepewa kiti ili awavute.

Basi nini kifanyike? Mimi ni mwalimu, nami sipendi kulalamika bila kuandika somo ubaoni.

La kwanza, mrithi atafutwe wakati mwenye kiti angali na nguvu. Mtumishi wa umma hujua kwamba akifika miaka 60 ataondoka. Tarehe hiyo haimjii mkurugenzi kama mwizi. Miaka mitatu kabla, vijana wawili au watatu waketishwe studioni, wapokee simu, wasome barua, waandae wageni, washike kiti siku mkubwa wao anapougua.

La pili, wapimwe kwa kusikiliza. Katika mazoezi ya kufundisha sikuwa nikiangalia sana mwanachuo alivyoeleza somo. Nilingoja mtoto atoe jibu lisilo sahihi, kisha nikamtazama mwalimu. Yule aliyesema, "Kaa chini," nilimwekea alama ndogo hata kama ubao wake ulikuwa mzuri kama msahafu. Yule aliyesema, "Umefikaje hapo? Tueleze," nilijua tumepata mwalimu. Kipimo hicho hicho kinamfaa mtangazaji. Mpeni mpigaji simu mwenye kigugumizi, mwenye hasira, mwenye Kiswahili cha kwao, halafu ngojeni.

La tatu, msiwafungie wanawake mlango. Baraza zetu za pwani zimekuwa za wanaume. Redio ndiyo iliyomwezesha mwanamke kuzungumza na wanaume wa baraza bila kuvuka kizingiti chake. Wengi wetu tulilelewa, au tumelea watoto wetu, na sauti ya Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania. Iwapo tulimwamini mwanamke atulelee watoto kwa njia ya redio, tunaogopa nini akitusemesha sisi baba zao saa nne za usiku?

La nne, pawe na hati ya makabidhiano. Anayeondoka aandike: hawa ndio wasikilizaji wanaopiga simu kila mara, hizi ndizo ahadi tulizotoa hewani na hatujazitimiza, hili ndilo jambo la wavuvi wa baruti tuliloliacha njiani, huyu ndiye mzee anayefuatilia mafao yake. Atie saini, amwombee mrithi wake kheri mbele ya wasikilizaji, kisha anyamaze. Akitaka kusaidia, afanye kama Carson.

Haya hayahitaji mkopo wa benki wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji mkurugenzi anayejua kwamba jenereta ya stesheni yaweza kununuliwa Dar es Salaam kesho asubuhi, na kwamba imani ya mzee wa mkonge hainunuliwi popote. Jenereta ina ukurasa wake katika daftari la mali. Nawauliza wenye stesheni: imani ile mmeiandika ukurasa gani, na funguo zake anazo nani?